Mshale wa Saba

Walisema hataweza. Walisema hivyo sokoni Makindu, wakipima ndengu na kucheka: yule Fundi atazikwa akiwa bado na deni la mshale wa mtu. Waliokuwa na adabu zaidi walisema mambo ya mishale yaliisha serikali ilipopiga marufuku uwindaji, na mzee angefanya vyema kuyasahau na kufuga kuku.

Watu haohao walisema hata mimi sitaweza. Kwamba mtoto wa mama muuza muthokoi, mahindi ya kukoboa, hawezi kupata diploma ya usimamizi wa wanyamapori. Nikaipata. Kwamba Amerika nitarudishwa kwa ndege ya kesho yake. Nikakaa huko miaka tisa nikifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe chini ya milima yenye theluji. Leo diploma iko ukutani, nyumba ni ya mawe, na pikapu iliyo nje haina mkopo wa mtu. Lakini ninayemwandika hapa si mimi. Ni Fundi, ingawa msomaji ataona kwamba bila mimi jambo lake lisingekamilika.

Watu wote walimwita Fundi, hata mchungaji akiwa madhabahuni, nami sitamwita vingine. Alikuwa jirani yetu upande wa chini wa reli, na kazi yake ilikuwa kutengeneza pinde na mishale. Zamani zilikuwa za kuwindia. Nilipomjua mimi zilikuwa za kuuzia wageni wanaosimama kwenye barabara ya Mombasa, na za vijana wanaoshindana kulenga shabaha siku za sherehe. Alikaa kwenye kigoda, upinde mbichi ukiwa umebanwa kati ya magoti, akiuparua kwa kisu kidogo hadi vipande vyembamba kama nywele vikajaa miguuni. Hakupima kwa utepe. Alifumba macho na kuupitisha mti kwenye shavu lake.

Kitu cha kwanza ambacho mtu aligundua kwake ni kwamba hakutaka kuambiwa unakwenda wapi. Siku moja kijana alinunua upinde akasema kwa furaha, "Fundi, huu naenda nao—"

"Usiniambie!" Mzee aliziba masikio kwa mikono miwili, kisu kikiwa bado kwenye vidole.

"Ni mashindano tu, Fundi. Hapo tu—"

"Chukua mali yako uende, bwana. Ukinitajia mahali nakurudishia pesa."

Kijana alikwenda akitikisa kichwa. Mimi nilicheka. Fundi akanitazama na kuniita kwa jina alilonipa tangu nilipomaliza chuo. "Diploma, wewe cheka tu."

Kitu cha pili kilikuwa lango lake. Lilikuwa la fito, na halikufungwa hata siku moja, ingawa mbuzi wa watu waliingia wakala mahindi yake. Kila aliporudi kutoka popote, hata dukani kununua kiberiti, alisimama langoni, akageuka kutazama njia aliyopita, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mmoja." Akangoja kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake. Kisha akasema, "Bado mmoja," akaingia. Miaka yote niliyomjua hakukosa hata mara moja. Mke wa mwanawe, aliyempikia na kumtunza, alinieleza kwamba siku ya kwanza kuolewa pale alidhani baba mkwe anaagiza chai ya mgeni. Aliweka vikombe viwili. Mzee alivitazama muda mrefu, akasema asante, na chai ya kikombe cha pili ikapoa pale mezani bila mtu kuigusa.

Alikuwa shemasi wa kanisa, aliyepokea sadaka kwa mikono miwili na kukemea waganga. Hata hivyo wazee wa kanisa walipotaka kuchagua mahali pa kujenga jengo jipya, walimwomba Fundi atembee nao kwenye kiwanja, maana ilijulikana kwamba ujanani hapakuwa na mtu wa kumshinda kwa kuchagua mahali. Alikataa. Wakamsihi. Akatembea, mikono nyuma, hadi kona ya upande wa mashariki. Hapo akavua kofia na kuinamisha kichwa, kama tunavyofanya tukipita mbele ya mkubwa.

"Hapa pana mwenyewe," alisema.

"Kiwanja ni chetu, Fundi, hati tunayo," mchungaji akajibu.

"Sijasema kuhusu hati."

Wakachimba msingi hapohapo. Kufika kiunoni wakakuta jiwe la kusagia na chungu kilichofunikwa, vimepangwa vizuri kama jikoni. Hakuna aliyekifunua. Wakavifukia, wakausogeza ukuta hatua mbili, na ukienda leo utaona kanisa letu lina kona moja iliyokatwa. Wageni hudhani ni makosa ya mwashi.

Na alikuwa mwindaji asiyekula nyama. Katika harusi alipewa sahani, akachagua viazi, akamsogezea nyama jirani yake. Nilimwuliza sababu mara nyingi. Alinijibu mara moja tu, mwaka ule nilipokuja likizo kutoka Amerika na kumweleza kwamba kule kuwinda kwa upinde kunaruhusiwa kwa kibali, na kwamba mimi, mwenye diploma, nilikuwa nimeomba kibali cha elki. Nikamweleza elki ni nani: mnyama mwenye ukubwa wa pofu wetu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, ila pembe za dume zina matawi kama mti mkavu.

Kisu kikasimama.

"Unaruhusiwa na serikali?"

"Kwa karatasi kabisa, Fundi. Na bila sumu."

"Bila sumu? Basi unaenda kumkwaruza." Alicheka, na ilikuwa nadra. Kisha akaacha kucheka, akanihadithia.

Kabla sijasema aliyonihadithia, lazima nieleze desturi. Kwetu mshale una mwenyewe. Mwindaji huchonga alama yake kwenye mti wa mshale, ili mnyama akianguka ijulikane ni mshale wa nani uliomwangusha. Unaweza kuazima mshale wa mwenzako, lakini lazima umrudishie mshale uliokwenda mawindoni ukarudi. Na mwenye mshale ana haki ya kuufuata mshale wake popote ulipokwenda.

Fundi alipokuwa kijana alikuwa na upinde mzuri lakini hakuwa na mishale. Wanaume saba wakamwazima, kila mmoja wake, kwa sababu ndiye aliyejua kuchagua mahali. Aliwachagulia korongo moja ng'ambo ya mto Athi. Hakuniambia jina lake. Walipokuwa wakiondoka, mke wa mmoja wao, yule aliyekuwa rafiki wa karibu wa Fundi, aliuliza mlangoni, "Mnaenda wapi?" Swali hilo haliulizwi, na likiulizwa halijibiwi. Fundi alikuwa kijana, na alikuwa na furaha. Alijibu. Alilitaja korongo kwa jina.

Walipofika walimwona pofu. Fundi akampiga kwa mshale wa saba, ule wa rafiki yake. Pofu akakimbia nao ndani ya korongo. Rafiki akasema, "Ni wangu, naufuata," akaingia. Kulikuwa mchana mweupe. Wakangoja. Wakaita. Walimtafuta siku tano. Walichokipata ni viatu vyake, akala za tairi, vimewekwa sambamba chini ya mti kama mtu anavyoviweka mlangoni kabla ya kuingia kwake. Vidole vilielekea korongoni. Baada ya viatu hapakuwa na alama ya mguu wala doa la damu.

"Mimi ndiye niliyechagua," Fundi aliniambia. "Anayechagua mahali ndiye anayehesabu watu wakitoka. Bado nahesabu."

Marufuku ya uwindaji ilikuja muda si mrefu baadaye. Fundi aliheshimu sheria. Mishale sita iliyobaki ilikuwa imekwenda na kurudi, akairudisha kwa wenyewe, na kwa wana wa wenyewe, mmoja mmoja, mwingine akiupeleka hadi milima ya Mbooni ambako familia ilikuwa imehamia. Wa saba ndio uliobaki. Alichonga mwingine, akaweka alama ya rafiki yake, mikato mitatu na mstari mmoja unaoikata, akaupeleka kwa mjane upande wa Kitui. Yule mama aliupokea, akaugeuza, akaurudisha.

"Huu haujaenda popote," alisema. "Mume wangu alikuazima mshale. Hakukuazima kijiti."

Hakuwahi kufanya matanga. Angewezaje, wakati mshale haujarudi na mwenye mshale hajarudi? Kwa ukoo wake alikuwa bado mke wa mtu aliyetoka.

Siku niliyokwenda kumwaga kabla ya kurudi Amerika, Fundi aliingia ndani akatoka na mshale uleule uliokataliwa na mjane, umefungwa kwa kitambaa. Mti ulikuwa umekuwa mwekundu kwa kuguswa. Alikuwa ameutia chembe mpya nchani, pana, ya chuma, kama nilivyomweleza sheria ya kule inavyotaka, akaniongezea upinde alioutengeneza mwenyewe.

"Uende nao, urudi nao," alisema. "Sikuombi mnyama mkubwa. Chagua mahali panaporudisha mshale."

"Nichagulie wewe."

"Mimi? La. Mimi sichagui tena mahali pa mtu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kwamba nimesomea mambo hayo na nina cheti chenye muhuri. Alinitazama kama alivyowatazama wale wachimba msingi.

Kibali kilipotoka, nilikuwa na mahali patatu pa kuchagua. Pa kwanza palikuwa kwenye kilele, penye madume makubwa, mbali na barabara, ambako mnyama akianguka utambeba mgongoni siku mbili. Pa pili palikuwa msitu ulioungua miaka michache nyuma. Miti ilisimama myeusi, chini nyasi changa zimejaa, na nyayo za elki zilikuwa nyingi kama za mbuzi malangoni pa soko. Pa tatu palikuwa ukingo wa mto, karibu na ua wa shamba nililofanyia kazi, mahali pa majike na ndama, ambapo wawindaji wenye kujisifu hawaendi. Diploma yangu ilisema msitu ulioungua. Hata leo, kwa kitabu, ningejibu hivyohivyo.

Nilipiga picha tatu nikazituma kwa simu ya mke wa mwanawe Fundi, kisha nikapiga simu ya video. Kule kwangu kulikuwa asubuhi. Kwao jua lilikuwa linashuka, na mzee alikuwa kwenye kigoda chake. Alishika simu mbali na uso, kama kioo.

"Hizi nataka tu uzione, Fundi. Usichague."

"Nitaona tu." Akapitisha ya kwanza. Akafika ya pili, hakuipitisha. Mke wa mwanawe alimwuliza kama picha imeganda.

"Huyu aliyekaa kwenye gogo ni mwenzako?" Fundi aliuliza.

"Gogo gani?"

"Lililolala upande wa kushoto. Ni mwenzako?"

Nikaifungua picha kwenye kompyuta, nikaikuza hadi ikawa nukta nukta. Gogo lilikuwepo, jeusi, limelala kwenye mteremko. Juu yake hapakuwa na mtu.

"Hakuna mtu hapo, Fundi. Mimi mwenyewe ndiye niliyepiga hiyo picha."

"Sawa." Akasogeza simu karibu. "Ila amevua viatu."

Nilicheka kwa nguvu, kwa ajili ya mke wa mwanawe aliyeshika simu pamoja naye, maana niliona uso wake. Fundi hakucheka. "Ule mshale wa mwenyewe usiupeleke huko," alisema. "Hii mingine ni yako, wewe ni mtu mzima."

Nami nikaenda. Nataka niandike ukweli: nilienda kwa sababu alinikataza. Mshale wa saba niliuacha ndani ya gari, nikabeba mingine. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua limewaka, anga halina wingu. Nyayo zilikuwa mbichi. Elki dume huita kwa sauti nyembamba kama filimbi, nami nilikuwa hodari wa kuiga sauti hiyo. Niliita. Nikajibiwa karibu sana, nyuma yangu, mahali nilikotoka. Nikageuka, nisione kitu. Niliita tena. Nikajibiwa kutoka mahali palepale, na safari hii halikuwa jibu la mnyama. Ilikuwa sauti yangu, na kosa langu la mwishoni, ule mkwaruzo ambao sijawahi kuuacha, ulikuwemo.

Sikuita mara ya tatu. Nilishuka kuelekea gari, na njia ya kushuka ilipita kwenye gogo. Picha niliipiga kutoka upande wa juu, kwa hiyo upande wa chini sikuuona siku ile. Upande wa chini palikuwa na jozi ya buti za ngozi, zimepasuka kwa jua na kugeuka nyeupe, zimewekwa sambamba. Vidole vilielekea bondeni. Nyasi zilikuwa zimeota ndani yake.

Niliripoti kwa afisa wa wanyamapori wa eneo lile. Alikuja, akazipiga picha, akaandika, akasema watu huacha takataka milimani. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama nilizigusa. Nikasema hapana. Akasema, "Vizuri," naye hakuzigusa. Aliondoka akiwa ameziacha palepale.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye ukingo wa mto na mshale wa saba. Nilijificha kwenye vichaka tangu alfajiri. Jua lilipopanda jike mmoja alikuja kunywa, hatua ishirini, ubavu wote mbele yangu. Upinde wa Fundi hauna magurudumu kama pinde za kule, lakini ulivutika kama unajua unachofanya. Niliachia. Mshale ukaingia nyuma ya bega. Elki akaruka, akavuka maji, akapotea kwenye vichaka vya ng'ambo, na mshale ukaenda naye.

Kila mwindaji anajua lazima ungoje. Ukimfuata mara moja atakimbia maili nyingi. Nikavuka maji taratibu, nikakaa kwenye mchanga, nikaitazama saa. Nilitaka kungoja nusu saa. Maji yalikuwa yakipita. Kimya cha pale kilikuwa kizuri, kimya ambacho mtu angependa kuendelea kukaa ndani yake. Nikawaza kwamba mshale ni wangu kuufuata, kwamba hapo vichakani pana ubaridi na kivuli, na kwamba sitahitaji kitu chochote.

Nilisimama. Mchanga ulikuwa baridi. Nikatazama chini, nikaona miguu yangu mitupu.

Buti zangu zilikuwa nyuma yangu, sambamba, vidole vikielekea vichakani. Soksi zilikuwa zimekunjwa ndani, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Unaweza kusema zililowa maji nikazivua. Mimi pia nimesema hivyo mara nyingi. Lakini sikumbuki kuinama, na kamba zake nilikuwa nimezifunga mafundo mawili.

Mimi niliyejisifu mbele ya watu nakiri: niliogopa. Diploma haina ukurasa wa jambo hilo. Kitu pekee kilichonijia ni yule mzee kwenye lango lake la fito. Nikageuka kutazama njia niliyotoka, mto na ua wa shamba na gari langu linalong'aa kwa mbali, nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Mmoja!" Nikangoja. Kisha nikasema, "Narudi."

Nikavaa soksi. Nikavaa buti, nikafunga mafundo. Ndipo nikaingia vichakani, nikihesabu kila hatua kwa sauti. Hatua ya arobaini nikamkuta amelala, na mshale umesimama ubavuni mwake, haujavunjika. Nyama niliwagawia wafanyakazi wenzangu wote. Mimi sikula.

Nilirudi nyumbani mwisho wa mwaka huo, kurudi kabisa. Fundi alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, lakini alikuwa kwenye kigoda. Niliufungua mshale kutoka kwenye gazeti. Doa la damu lilikuwa limekauka hadi kwenye zile alama. Hakuuliza mnyama alikuwa mkubwa kiasi gani, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia.

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu, Fundi."

"Basi twende."

Tulikwenda kwa pikapu yangu, tukashika barabara ya Kibwezi hadi tukavuka Athi. Darajani alifumba macho hadi nilipomwambia tumepita. Mjane alikuwa mama mkongwe, amekaa kivulini mwa nyumba yake akichambua mbaazi. Fundi alipiga magoti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya nje ya kanisa.

"Mwaitu," alimwita, kama tunavyomwita mama, ingawa walilingana umri, "nimeleta."

Aliushika mshale. Akapitisha kidole gumba juu ya mikato mitatu, kwenye mstari unaoikata, kwenye doa. Akaunusa.

"Huu umetoka mbali," alisema.

"Mbali sana, Mwaitu," nikadakia. "Mimi ndiye niliye—"

"Diploma," Fundi akasema polepole.

Mama aliinuka kwa shida, akaingia ndani. Pembeni mwa mlango, upande wa ndani, palikuwa na jozi ya akala za tairi, kavu, zimejikunja, vidole vikielekea nje. Nilizijua bila kuambiwa. Akainama, akazigeuza zikaelekea ndani. Akaweka mshale juu yake. Kisha akakaa palepale kizingitini, akaanza kulia kwa sauti kubwa, kilio cha msibani chenyewe, hadi majirani wakaanza kuja, mmoja akibeba kiti, mwingine akibeba sufuria.

Tulikaa nao hadi alasiri, tukarudi. Nilisimamisha gari mbele ya lango la Fundi, nikamshika mkono kushuka. Alisimama pale pa siku zote, akageuka kutazama njia. Nikangoja aseme "Mmoja."

"Wote," alisema Fundi.

Akaingia, akalivuta lango la fito nyuma yake, akalifunga kwa kamba.